Mfarishi wa Mtu Mrefu

Ghala la mboga, mlango wa nyuma
2 Machi

Sindano mchoma watu,

Salamu ni gunia zima. Mama yangu mpelekee zake zikiwa bado moto, Mama Mkubwa mpe kiasi, wewe chukua zilizobaki chini. Mimi ni mzima, nanenepa na naheshimiwa.

Nianze na swali lako, maana najua utaruka mistari yote kulitafuta jibu. Biringanya si nyeusi. Mwambie Mama Mkubwa wako, pamoja na ukuu wake wote wa chumba cha kushonea, kwamba biringanya si nyeusi. Leo nimechukua moja nikatoka nayo nje nikaigeuzageuza juani. Ni zambarau iliyokasirika. Karibu na kikonyo inapauka, pana mstari mweupe kama paji la mtu aliyevua kofia sasa hivi. Ukiishona nyeusi tupu, watu watadhani umeweka kiatu kitandani.

Umeona? Wenzako wangetafuta msomi wa kuwaambia hayo. Wewe una mimi, niliyeacha shule kabla haijaniacha.

Huku mimi ndiye msimamizi wa nyanya. Nyanya zote. Lori likiingia, hakuna kreti inayopita mpaka niseme neno. Rafiki yangu mkubwa ni utingo wa lori la kabichi, tunamwita Mlingoti, mrefu mpaka balbu ya ghalani imeshavunjwa na kichwa chake mara mbili. Hata yeye akinipita lazima aniinamie kidogo.

Naukumbuka mlango wa chumba chenu. Alama yako ya chaki juu, yangu chini, na wewe ulivyocheka mpaka ukatema pini mdomoni. Nilisema sirudi mpaka nikupite kimo, na mimi nikisema nimesema. Tunaingia mwaka wa tatu sasa. Subiri tu. Naota kama boga lililomwagiwa samadi.

Kile kipande cha nyanya ya kitambaa ulichotia kwenye barua nimekishonea ndani ya kofia. Usijipe sifa. Kofia ilikuwa imetoboka.

Ni mimi,
Punje
(jina hili halinifai tena ila nimelizoea)


Chumba cha kushonea
19 Machi

Punje,

Barua imefika na doa la nyanya juu yake, kwa hiyo naamini angalau kitu kimoja ulichoandika.

Biringanya nimeifumua na kuishona upya kwa zambarau, na mstari mweupe nimeuweka. Mama Mkubwa ameitazama, akaivuta karibu na miwani, akasema, "Nani kakwambia?" Nikamjibu ni wewe. Akasema, "Yule kibushuti alikuwa na macho." Ndiyo sifa yako ya mwaka, itunze.

Msimu wetu umeshika kasi. Watu wanataka mifarishi ya mavuno, sijui kuna raha gani kulala chini ya mboga. Tumejaza chumba pamba na viraka, ukipiga chafya unatafutana na kazi yako. Na kanuni ya Mama Mkubwa haijabadilika: mfarishi ni shamba. Vya mitini vikae kichwani, yaani maembe, machungwa, mapapai. Vinavyosimama ardhini vikae kifuani na tumboni: mahindi, nyanya, biringanya, kabichi. Vya chini ya udongo vikae miguuni. Jana binti mgeni kaweka karoti juu ya papai, Mama Mkubwa kafumua kwa meno.

Kanuni ya pili pia unaijua, lakini nakukumbusha kwa kuwa una kichwa cha kreti. Kila mshonaji anajishonea mfarishi mmoja wa kwake, kwa makombo ya vitambaa. Mavuno yakiisha, mifarishi hiyo yote inaanikwa uani. Ukija kuanuliwa na mtu uliyemshonea, wewe umeposwa, umekwenda naye. Usipoanuliwa, unauzwa. Wangu wa mwaka juzi uliuzwa. Wa mwaka jana uliuzwa. Sisemi kitu, nakupa habari.

Nina maombi mawili. La kwanza, nikusanyie maganda makavu ya vitunguu, gunia ikiwezekana. Tunayachemsha yanatoa rangi ya manjano ambayo dukani hawana. La pili, kata uzi uanzie unyayoni mwako uishie utosini. Bila viatu, bila kofia, bila kusimama juu ya kitu chochote. Nakujua. Utie kwenye bahasha unitumie.

Usiulize wa nini.

Sindano


Ghalani
5 Aprili

Sindano,

Uzi huo. Umeona ulivyojaa bahasha? Karani wa posta kanishika mkono akaniuliza nimetia mdudu gani.

Najua unautaka wa nini, usijifanye. Unataka kuuning'iniza pale mlangoni uone kama nimekupita. Ning'iniza, mama. Ila tafuta kiti cha kupandia, maana hautaishia pale ulipozoea kunitafuta. Siku hizi kitanda nakilalia mshazari. Suruali nilizokuja nazo nimempa mtoto wa jirani. Juzi balbu ya ghalani imepasuka tena na safari hii Mlingoti hakuwepo. Jumlisha mwenyewe.

Halafu usije ukaniambia, "Basi kama umenipita, rudi." Ningerudi hata kesho. Lakini nyanya hazimwachi msimamizi wake katikati ya msimu. Nikitoka mimi, hapa kila kitu kinaoza.

Maganda ya vitunguu naanza kukusanya. Wapagazi wananicheka, wanasema nimeajiriwa na upepo. Nimewaambia kuna mtu huko kwetu anageuza maganda kuwa manjano. Mmoja akauliza, "Ni mganga?" Nikasema, "Mbaya zaidi."

Jana tulifungua shehena ya maembe. Harufu ilinishika shingo ikanipeleka moja kwa moja kwenye ile meza yenu ya kukatia, siku ile wewe unakata embe la kitambaa na mimi nala la kweli, maji yakadondokea kazi yako, ukanichapa na rula. Nilisimama na kreti mikononi mpaka nyuma yangu wakaanza kutukana.

Ile rula nimeikumbuka, Sindano. Mtu anakumbuka nyumbani kwao, mimi nakumbuka rula.

Punje


Chumba cha kushonea
28 Aprili

Punje,

Uzi umefika. Mama Mkubwa aliuona mezani akauliza ni kamba ya kisima gani hiyo. Nikamwambia ni wewe. Akauvuta wote mpaka mwisho, akauangalia, akasema, "Basi huko maji ni mazuri."

Nimefurahi umekua. Nasema kweli.

Kazi imeniongezekea lakini. Nina mfarishi mmoja ninaoushona jioni wengine wakishaondoka, ni wa mtu mrefu. Nilikuwa nimeshaupanga vizuri, maembe juu, kabichi zimekaa sawa, karoti na vitunguu miguuni, nimeshafika kwenye pindo. Kumbe huyo mtu ni mrefu kuliko nilivyomkadiria. Miguu yake ingebaki nje. Imebidi niongeze safu nzima chini. Nimeweka viazi. Kiazi ni kigumu kukishona kuliko embe, ulikuwa hujui? Embe kila mtu analijua hata ukikosea. Kiazi ukikosea kidogo kinakuwa jiwe. Kila kimoja nimekikata peke yake kwa mkasi mdogo, nimekitia macho, vingine vina udongo wa kahawia ubavuni. Vidole vyangu vimekuwa kama vya kuku.

Sijali. Nataka alale joto mpaka kwenye kucha.

Mama yako mzima. Anasema uandike barua yenye habari za chakula unachokula, si za heshima unayopewa.

Sindano


Ghalani
10 Mei

Sindano,

Barua yako nimeisoma mara moja tu, wala sijairudia, wala sijampa Mlingoti anisomee ili nisikie kama inasikika vilevile kwa sauti ya mtu mwingine.

Sina neno na kazi yako. Mtu ana haki ya kushona. Nauliza tu kama mtu wa biashara: huyo mtu mrefu ni nani?

Ni yule daktari wa mifugo mwenye shingo? Ni mwalimu wa hesabu? Maana mimi watu warefu nawajua, nafanya nao kazi. Ni watu wasioaminika. Mguu ukipata baridi, habari inafika kichwani kesho yake. Wanakula sana. Wakiugua, hakuna kitanda. Mlangoni wanaingia wameinama, unadhani ni adabu, kumbe ni dari.

(Mimi ni mrefu wa aina nyingine. Mimi nimerefuka ukubwani, bado nina akili za chini.)

Na kwa nini umshonee jioni wenzako wakishaondoka? Mchana hauna mwanga? Na "alale joto mpaka kwenye kucha" ni maneno gani hayo ya kumwandikia mtu aliye mbali? Mimi huku nalala na makoti mawili na gunia, na hakuna aliyewahi kuuliza habari za kucha zangu.

Sina wivu. Msimamizi hawezi kuwa na wivu, hana nafasi. Nimeuliza tu.

Maganda yamejaa gunia. Lori la kabichi linapita huko kwenu wiki ijayo, Mlingoti atakuletea mpaka mlangoni. Mpokee vizuri ila usimzidishie, ana mke anayemtafuta.

Punje

Kuhusu mke nimesema uongo. Lakini usimzidishie.


Imebandikwa kwenye usukani wa lori la kabichi
17 Mei

Kaka Mlingoti,

Nimekukosa asubuhi kwa hiyo naandika. Gunia la maganda ni la Sindano, chumba cha kushonea, mtaa wa nyuma ya shule, utasikia cherehani. Utamjua. Ana macho ya kuuliza na pini mdomoni.

Ukiwa pale, angalia kama kuna mwanamume mrefu anayezungukazunguka. Usimpige. Niletee sura yake tu.

La pili ni kubwa zaidi. Unakumbuka ule uzi niliokupimia umeegemea mlango wa ghala, nikakwambia ni kipimo cha turubai? Haukuwa wa turubai. Nitakueleza ukirudi, na soda nitanunua mimi. Kwa sasa fanya hivi: ukifika kwa Sindano, kaa chini. Wakikupa kiti, kaa. Wasipokupa, chuchumaa, sema mgongo. Wakikwambia simama, sema mgongo. Usisimame karibu na mlango, usisimame karibu na uzi, usisimame.

Mdogo wako wa hiari,
Punje


Chumba cha kushonea
3 Juni

Punje,

Maganda yamefika. Tumechemsha nusu, chumba kizima kinanuka kama mchuzi, na manjano yake, we acha tu. Mapapai yangu sasa yanaonekana yameiva. Asante.

Rafiki yako amefika pia. Ni mtu wa ajabu. Kaingia kwa magoti kama anatafuta sarafu iliyodondoka, kakaa kwenye sakafu, kakataa kiti, kakataa kusimama hata kunawa mikono, nikamletea bakuli palepale. Mama Mkubwa akamuuliza, "Baba, una nini?" Akasema mgongo. Akamuuliza umekushika lini. Akasema, "Wiki ijayo." Kisha akaona haya.

Mvua ikaanza ghafla. Tulikuwa tumeanika kazi zote uani zipigwe hewa. Tukatoka mbio sote, na yeye kasahau mgongo wake, katoka mbio, kasimama. Punje, yule mtu akisimama anasimama! Akafika kwenye kamba bila kunyoosha hata kidole, akauanua mfarishi wangu, ule wa mtu mrefu, akajitupia kichwani na mabegani ili usilowe, akaingia nao ndani.

Akasimama katikati ya chumba hajui auweke wapi. Mama Mkubwa akazunguka nyuma yake, akavuta pindo, akarudi mbele, akavuta tena. Maembe yako kichwani, kabichi ziko kiunoni, viazi vimegusa vidole vya miguu na havikuzidi hata unywele. Mama Mkubwa akasema, "Huyu kapimiwa."

Nami niliona hivyohivyo. Umemkaa kama kapimiwa yeye.

Ni mpole rafiki yako. Anajua kushika pindo bila kulikunja. Alikaa mpaka mvua ikaisha.

Mifarishi inaanuliwa Jumamosi ya mwisho ya Julai. Mama Mkubwa kasema safari hii hanisubiri: wangu usipokuja kuchukuliwa na mwenyewe, kuna mteja ameshautolea macho.

Sina mengine.

Sindano


Ghalani
12 Juni

Sindano,

Mpe.

Kama umemkaa, umemkaa. Ni mtu mzuri, ni mpole, anajua kushika pindo. Mimi nina makoti mawili.

Punje


Ghalani
30 Juni

Sindano,

Usimpe.

Nimesubiri unitukane, hukuandika. Kila posta ikija naenda na mikono yangu michafu, karani anatikisa kichwa kabla sijafika. Ukinyamaza unanitisha kuliko ukisema. Ukisema najua umesimama wapi.

Sasa sikiliza, na usicheke mpaka mwisho, baada ya hapo cheka unavyotaka.

Mimi si msimamizi wa nyanya. Nachambua zilizooza. Naketi kwenye ndoo iliyopinduliwa, wananimwagia kreti mbele, nzuri naweka kulia, mbovu kushoto, na jioni mikono inanuka hata nikiiosha kwa majivu. Ni kweli hakuna kreti inayopita mpaka niseme neno. Neno lenyewe ni "nipisheni", kwa sababu kreti nimeibeba kichwani.

Uzi ni wa Mlingoti. Yule pale uliyemuona, ndiye ule uzi. Ulipoomba nilidhani unataka kunihukumu mlangoni, nikaogopa. Mimi nimeongezeka vidole viwili tangu niondoke, Sindano. Viwili, na kimoja sina hakika, huenda ni kisigino. Nimekula kila kitu. Nimening'inia kwenye boriti ya ghala mpaka mabega yakalia. Imekataa.

Kwa hiyo mimi ndiye niliyemtukana mtu mrefu, na mtu mrefu ni huyuhuyu anayenipa nusu ya maharage yake. Nimemnyima usingizi tangu arudi. Kila siku namuuliza: alikutazama vipi? Ulivyochoka alikupa nini? Aliyashika maganda kwa mkono gani? Jana akaniambia, "Mdogo wangu, yule binti aliniuliza mambo yako tu, mimi nilikuwa kabati." Halafu akakataa kusema ni mambo gani. Amekuapia, anasema. Tangu lini mnaapiana?

Sijui mfarishi ule ni wa nani. Sina haki ya kuuliza. Wewe una mkono wako na mimi nina domo langu, na kila mtu anatumia alichopewa. Lakini nimefikiria ile miwili iliyouzwa, ya mwaka juzi na mwaka jana. Ulisema unanipa habari tu. Nilisoma haraka nikapita. Sasa hivi nimerudi pale na siwezi kutoka.

Ningerudi siku nyingi. Hakuna nyanya iliyonizuia. Niliapa mbele yako na mbele ya chaki, na kila nikiamka najipima kwenye ukuta wa bafu, bado ni yuleyule. Nilidhani nikikaa zaidi nitafika. Kumbe ninakaa tu.

Kitu kimoja si uongo. Kipande cha nyanya kiko ndani ya kofia, na kofia haikuwa imetoboka. Niliitoboa.

Punje


Chumba cha kushonea
9 Julai

Punje,

Nimecheka mwisho, kama ulivyoagiza. Kwenye boriti nilishindwa kuvumilia, hilo nisamehe.

Na mimi nina yangu. Barua ya tarehe tatu niliiandika nikijua. Rafiki yako aliposimama katikati ya chumba na shamba langu lote mgongoni, niliuangalia ule uzi wako kichwani mwangu, nikamuangalia yeye, nikajua. Nikamuuliza, "Kaka, Punje anakufikia wapi?" Mtu yule hawezi kudanganya, hana sehemu ya kuficha. Akajigusa chini kidogo ya kwapa, akasema, "Hapa, akiwa amekasirika." Nikachomeka pini kwenye shati lake palepale, nikapima kutoka sakafuni hadi kwenye pini. Nikamwapisha asikwambie. Nilitaka uone wivu kidogo. Kidogo tu.

Halafu ukaniandikia "mpe".

Nilifumua viazi vyote usiku uleule. Safu nzima, kimoja kimoja, hata uzi sikuukata, niliuvuta. Asubuhi Mama Mkubwa akavikuta kwenye kikapu, akanipa chai. Barua yako ya mwisho ilipokuja nikaanza kuvirudisha. Kwa hiyo ukiona matundu madogomadogo pembeni mwa kila kiazi, ni neno lako hilo.

Mfarishi ni wa nani? Kichwa cha kreti. Yote mitatu.

Jambo jingine sijawahi kukwambia. Ule mlango ulipakwa rangi mwaka juzi, wiki chache tu baada ya wewe kuondoka. Ya kijani. Alama hazipo, wala yako wala yangu. Nilisimama na fundi wa rangi nikamwomba aruke ile sehemu, akasema mlango hauachwi mabaka. Sikukuandikia. Niliogopa ukijua chaki imefutika, utakosa cha kurudia.

Sasa tuje kwenye kazi. Nimebaki na mfarishi wa kumfunika Mlingoti, na wewe ukilala chini yake miguu yako inaishia kwenye karoti. Mama Mkubwa alisema nikate. Nimekataa, viazi vile vimenitoa damu. Nimeulaza mezani nikautazama siku mbili. Halafu nikaugeuza ubavu.

Ukiugeuza ubavu, Punje, urefu wote ule unakuwa upana. Nimepima kwa uzi wako wa kweli. Unakufunika kidevuni hadi vidoleni. Mimi vidole vyangu vitachungulia, sijali, nina soksi. Na kwa upana, wanaenea watu wawili na nafasi ya kugombana.

Tatizo ni kwamba shamba limelala. Miti yote iko upande mmoja na viazi vyote upande wa pili. Upande wa maembe ni wangu, nimeshona mimi. Wewe na uongo wako mtalala na viazi.

Mama Mkubwa amesoma mstari huo juu ya bega langu, akasema niandike wazi: hakuna wa kulala popote mpaka uje na mama yako, mkae kwenye viti, mseme kilichowaleta. Amesema pia utapewa kiti cha kawaida, si kirefu.

Uzi wako nimeutia humu. Simama nao. Kama si wewe, niambie. Kama ni wewe, unajua Jumamosi gani.

Sindano


Ghalani
18 Julai

Sindano,

Nimesimama nao. Umepungua kidole kimoja, lakini ni nywele, sijanyoa. Ni mimi.

Natoka hapa na lori la kabichi. Nakaa katikati, kati ya dereva na Mlingoti, na Mlingoti amesema atakunja magoti mpaka masikioni ili nienee. Nimemwambia sihitaji nafasi yote hiyo. Ni mara ya kwanza nimesema hivyo kwa mdomo wangu, akanishika paji la uso kuona kama nina homa.

Mama mwambie atoe lile gauni lake la shughuli, aliweke juani. Habari ya chakula atanikagua mwenyewe.

Viazi sina ugomvi navyo. Ila kabichi za katikati tutazungumza.

Jumamosi usiuanue peke yako, ni mzito ule, nimebeba mizigo najua. Wewe toa vibanio vya juu, unavifikia. Mimi nitashika chini, viazi visiguse udongo.

Punje